Mawe ya Gari la Buberwa

Izigo, Muleba
Juni, 1974

Mpendwa dada Alistidia,

Pokea salamu kutoka kibanjani, katikati ya migomba na mibuni yetu. Sisi wazima, ila mama anakohoa kidogo. Natumaini wewe na shemeji huko Mwanza hamjambo.

Dada, Buberwa wangu, dereva wa hospitali mjini Bukoba, alikuja Jumapili kujitambulisha. Unajua magari yamekatazwa Jumapili mchana kwa uhaba wa petroli. Yeye alikuja na gari la betri waliloletewa na wafadhili. Polisi walimsimamisha, wakalinusa kila upande, wakakosa petroli ya kumshitakia, wakamwachia.

Alimweleza baba yetu, Taata, kwamba gari hilo halinywi petroli, halitoi moshi, halidai oili, na usiku linachomekwa kwenye umeme kama pasi. Tena halina kelele. Hapo ndipo alipoharibu. Taata aliuliza mkwe mwenye gari ana faida gani ikiwa majirani hawasikii amefika! Nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa bila ridhaa ya Taata hakuna ndoa, na mimi moyo ulishakwenda.

Wakati wa kuaga, gari likagoma. Betri zimekwisha. Taata akasema hilo dogo. Unajua anavyoanika mawe ya redio yakiishiwa nguvu. Basi akaamuru betri zote zing'olewe, zikaanikwa kwenye mikeka pamoja na kahawa. Buberwa alimsihi kidogo tu, maana nani humbishia baba mkwe siku ya kwanza?

Jua likazama, gari kimya, na umeme wa kulichomeka huku kwetu hakuna. Ikabidi Buberwa akae kwetu karibu juma zima, mpaka lori la hospitali lilipokuja kulivuta. Alichuma kahawa, akapalilia migomba, akanywa rubisi ya ndizi na wazee kwa adabu. Siku ya kuondoka Taata alimfungia mkungu wa ndizi, akatamka kwamba kijana anafaa. Tumekubaliwa, dada! Nililia kwa furaha hadi mama akanifukuza jikoni.

Sasa siri. Buberwa ameniambia alijua tangu Bukoba kwamba chaji ingemfikisha, isingemrudisha. Alitaka muda wa kuzoeleka. Na mama amenong'ona kwamba Taata naye anajua fika betri za gari haziivi kwa jua. Alitaka kuona kama kijana wa mjini anaweza jembe. Kila mmoja anatembea kifua mbele, akiamini amemweza mwenzake. Nimewaacha hivyo hivyo. Ndoa ni Agosti, nawe usije ukacheka kanisani.

Msalimu shemeji, wabusu watoto. Mungu awalinde.

Mdogo wako akupendaye,
Kokubanza