Uso wa Bibi katika Picha ya Igowole

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa mezani kwako hapa Ilomba na kompyuta yako imewashwa. Mama amehamishia cherehani yake upande wa dirisha, kwa hiyo tunafanya kazi wawili chumba kimoja, kama mlivyokuwa mkifanya naye. Sasa niko kidato cha tatu. Koti lako la mvua bado liko nyuma ya mlango. Hakuna aliyelitoa.

Nataka kukupa habari za picha ya harusi ya Shangazi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mvua ya Igowole, umeme umekatika, kanisa jeusi kama ghala, na kamera yako ya kwanza ya digitali, ambayo ukiilazimisha kuona gizani ilijaza picha chembe za rangi, kama ulezi uliomwagika sakafuni. Za nje zilitoka vizuri. Ile moja ya ndani, Bibi akiwa amekaa nyuma ya bi harusi, ilitoka giza tupu. Miezi michache baadaye Bibi akafariki, na hakuwa na picha nyingine hata moja. Shangazi akakuambia, "Kaka, wote uliwapiga, mama yetu tu ukamwacha." Tangu hapo mkawa mnasalimiana misibani tu.

Mimi nilizaliwa baadaye, nikapewa jina la Bibi, ukawa unaniita "mama". Siku moja nilikuuliza mbona huifuti picha ile nyeusi. Ukasema, "Mama, mwanga uliingia. Ni mashine tu haijajua kuusoma." Nilidhani unajifariji.

Mwaka huu mwalimu wa fizikia alituambia kuwa ndani ya kamera kuna vishimo vingi sana vya kukinga mwanga, kama ndoo zilizopangwa chini ya bati wakati wa mvua. Za zamani zilikinga matone machache, na umeme wa kamera yenyewe ukayachafua. Za siku hizi hukinga zaidi, tena kwa usafi. Hata simu ya Mama hupiga picha kadhaa kwa mbofyo mmoja na kuziunganisha, ndiyo maana nyuso zetu hazipotei tukikaa jikoni jioni. Na programu mpya zinaweza kurudi kwenye faili la zamani, kama lilivyotoka kwenye kamera, na kutenganisha chembe na uso.

Nikalifungua faili lako.

Bibi akatokea, Baba. Lakini mara ya kwanza alitokea laini mno, macho yote mawili maangavu, ngozi kama ya msichana kwenye tangazo la mafuta. Nikaogopa. Mimi sijawahi kumwona. Ningejuaje kama ni yeye, au ni mwanamke aliyebuniwa na mashine? Ningempelekea Shangazi mama wa mtu mwingine. Nikaipunguza nguvu ile programu hadi chembe zikarudi kidogo, na jicho la kushoto likafumba nusu. Nilidhani ni kasoro. Nikaiacha hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo faili lako lilivyosema.

Jumamosi Mama alinipeleka Igowole. Shangazi alikuwa anapukuchua mahindi. "Kamwene, mama," akanisalimu, akapangusa mikono kwenye kitenge. Aliishika picha muda mrefu, akasogea nayo mlangoni. Kisha akagusa lile jicho. "Lilikuwa linalala hivi. Tangu alipougua, mimi sijazaliwa."

Nikakaa chini.

Halafu Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka. "Na mwone, wala haniangalii mimi bi harusi. Anachungulia nje kama mvua imeingia kwenye masufuria ya pilau."

Aliniuliza kama ulikuwa ukimtaja. Nikamwambia ukweli: mara chache, lakini kila uliponunua kompyuta, picha za harusi yake ndizo ulizozihamisha kwanza. Aliponisindikiza barabarani akasema, "Ukienda kaburini kwa baba yako, mwambie nimemwona mama."

Atakuja Ilomba wakati wa likizo. Nimeahidi nitamleta mwenyewe hadi ulipolala, na nitatimiza. Ila likizo iko mbali, na sikutaka usubiri.

Amemwona, Baba.

Pumzika salama.

Mwanao,
Yustina