Mukate Mukononi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4, mwezi wa 11

Nimekula tena kwa Zaituni. Kipande cha ndakala, vidagaa vikavu, na kitunguu. Benchi imejaa, wengine wanakula wamesimama, mawese yanawatiririka mpaka kwenye kiwiko. Katika soko lote la Kasongo hakuna pahali pengine maskini anashiba hivi kwa bei ya ndizi mbili.

Anaiita piza. Alijifunzia Lubumbashi kwenye jiko la hoteli. Huku jibini hakuna, na hamira inatufikia imeshakufa njiani. Basi anachachusha unga mwenyewe kwenye ndoo, anabakiza donge, donge lile linachachusha unga wa kesho. Tanuru ni udongo wa kichuguu. Mara ya kwanza nilimwambia, Zaituni, unga wako umeoza. Akacheka mpaka akakaa chini. Sasa siku bila ule uchachu naiona ndefu.

Lakini siendi kwa ajili ya tumbo tu. Wamotari wanaotoka Wamaza na Salamabila wanasimamisha pikipiki zao hapo, wanakula mbele ya kwenda nyumbani. Habari za Feza zinafika kwenye benchi ile haraka kuliko kwa simu. Simu yake haipatikani tangu juma lililopita. Ni mujukuu wangu, mimi ni Koko wake. Nimemulea tangu siku aliyozaliwa, mama yake hakuamka kitandani. Zaituni alimufundisha kazi, sasa anauzia wachimbaji wa dhahabu kule upande wa Salamabila mukate huu huu. Alienda na donge alilokatiwa na Zaituni, kwenye kopo ya maziwa, ya bluu.

Ramazani hakuonekana. Yeye ndiye ananiletea salamu za Feza.

Siku ya pili, tarehe 5, mwezi wa 11

Mvua tangu asubuhi. Nimekula ya nyanya. Nimeunguza ulimi.

Watu wanasema kilima kimeanguka kule machimboni. Wanasema hivyo kila mvua ikizidi.

Siku ya tatu, tarehe 6, mwezi wa 11

Kilima kilianguka kweli. Mbele ya Salamabila. Kimefunika wachimbaji na vibanda vya chakula vilivyokuwa chini. Majina bado.

Nilikaa kwa Zaituni tangu anawasha tanuru mpaka anakunja turubai. Ukikaa bila kula unanyang'anywa benchi, basi nikala polepole. Vipande viwili kwa siku nzima.

Saa nane nikaona jambo. Mama mumoja anauza vitunguu karibu yetu, mutoto wake ni muchimbaji. Shemeji yake alifika na matope mpaka kwenye magoti, akamukuta anakula muhogo. Akakaa juu ya gunia. Akangoja. Akasifu muhogo, akasema ni mweupe. Yeye mwenyewe alipopewa akakataa. Mama akamaliza, akanawa, akajipangusa. Ndiyo akamwambia.

Kwetu ndivyo. Mutu mwenye chakula mukononi haambiwi kifo. Ukimwambia, umemulisha maiti, chakula kile hakitamutoka tumboni maisha yake yote. Na mwenye kubeba habari ile hali kitu kilichopikwa mpaka aitue. Bwana yangu alipozama kule Nyangwe, ndugu yake alikaa akinitazama nikimaliza bugali yote. Nililamba sahani. Nilimuchukia miaka mingi kwa sababu ya kulamba kule, na yeye kosa hakuwa nalo.

Mayowe ya yule mama yalifika mpaka musikitini. Mimi nikasema moyoni, asante Mungu si mimi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Siku ya ine, tarehe 7, mwezi wa 11

Ramazani amefika! Muzima, amejaa matope. Nilikuwa na sahani kwenye magoti. Nikamuita, Ramazani, Feza iko aje?

"Kula kwanza, Koko. Nitarudi."

Akaenda kushusha muzigo. Hakurudi.

Amechoka. Barabara ile ni mbaya, mutu anasukuma pikipiki kuliko pikipiki inavyomubeba. Kesho atasema.

Zaituni aliniwekea kipande kingine kabla cha kwanza hakijaisha. Sikuomba. Ana moyo, mwanamuke yule.

Siku ya tano, tarehe 8, mwezi wa 11

Nimekasirika.

Ramazani alikuja, akakaa mbali, juu ya tofali. Mutu anayekula piza tatu na kuomba ya nne! Leo anatafuna muwa. Nikamutania, bibi yako amekushona mudomo? Benchi yote ingecheka siku nyingine. Leo walitazama sahani zao.

Zaituni alileta kipande cha sombe, majani ya muhogo, akakiweka bila kunitazama, mawese yakamwagikia kitenge changu. Kile kizuri. Hakuomba radhi. Aligeuka akaingiza kichwa karibu na mudomo wa tanuru kama anaangalia moto.

Na benchi. Siku zote wananisukuma, Koko sogea, Koko punguza matako. Leo nimeachiwa benchi nzima, peke yangu kama chifu.

Sikupenda.

Siku ya posho, tarehe 9, mwezi wa 11

Kopo ya bluu iko kwenye pikipiki ya Ramazani. Imefungwa nyuma na kamba ya mupira, chini ya gunia. Upepo ulifunua gunia. Imepondwa upande mumoja.

Ramazani aliona kwamba nimeona. Akasimama.

Nikamwambia Zaituni, lete kipande kingine.

Siku ya Mungu, tarehe 10, mwezi wa 11

Jana nilitoka sokoni na mukate mukononi. Nikatembea nao barabara yote mpaka nyumbani. Watu walikuwa wananiona, wanaona mukate, wanasogea pembeni. Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye mulango wake, ameshajifunga kitambaa kichwani namna ya kilio. Nikauma kipande mbele ya macho yake. Akaingia ndani.

Leo nimeenda misa nao, ndani ya kitenge. Wakati wa komunyo sikusimama. Mudomo ulikuwa na chakula. Mwili wa Bwana nao ungoje.

Si mujinga mimi. Shule sijaiona, lakini hesabu hii naijua tangu siku ya ine. Nilijidanganya. Sasa sijidanganyi tena, nakula tu.

Feza hakutaka kwenda. Niandike. Alitaka ajenge tanuru yake hapa hapa, upande mwingine wa soko. Mimi nikamwambia soko moja halibebi matanuru mawili, utamuua Zaituni aliyekufundisha, nenda kwenye watu wenye njaa. Akasema, "Na wewe Koko, nani atakupikia?" Nikamwambia nina meno sita, yananitosha. Tukacheka. Akaenda.

Ni mimi nilimupeleka chini ya kilima. Hakuna mutu mwingine.

Siku ya kwanza, tarehe 11, mwezi wa 11

Tumbo limevimba kama ngoma. Nimetapika nyuma ya choo cha soko. Nimerudi, nimekaa, nimekula tena.

Nikitafuna Feza iko. Nikimeza haraka nachukua kingine. Uchachu umenichubua mudomo, hata maji yanauma. Zaituni haniulizi kitu. Anakata, anaweka. Anakata, anaweka. Naona machozi yanamuangukia kwenye unga na hapangusi, mikono yake iko na kazi.

Muda wa saa tisa ndakala zikaisha, nyanya zikaisha. Akaniokea mukate mutupu. Nikala mutupu.

Ramazani juu ya tofali.

Siku ya pili, tarehe 12, mwezi wa 11

Imekwisha.

Leo nilimuangalia Ramazani vizuri. Siku hizi zote nilikuwa naangalia sahani. Suruali ameifunga na kamba. Midomo imepasuka. Muwa, ndizi mbivu, maji, hivyo tu, na yeye amelala na harufu ya tanuru puani tangu siku ya ine. Ana watoto watatu. Bibi yake alipita na bakuli ya wali, akamuonyesha, Ramazani akatikisa kichwa. Bibi akaondoka na bakuli yake. Hata mimi hakunitazama vibaya. Angenitukana ningepumua.

Angeweza kunipokonya mukate. Angeweza kutuma mutu mwingine. Angeweza kwenda kula kwa siri Wamaza, nani angejua? Hakufanya. Amebeba mutoto wangu mudomoni siku sita kwa heshima yangu, na mimi nakula mbele yake.

Niliona haya. Sijaona haya hivyo tangu niko binti.

Nikaweka mukate chini. Nusu ilikuwa bado. Nikamwambia Zaituni, maji. Akaja na jagi, akaanza kulia mbele hajamwaga. Nikanawa mikono yote miwili, mpaka kwenye kiwiko. Nikasukutua. Nikatema. Hata wenye mashine za kusaga walizima.

Nikamuonyesha Ramazani viganja vyangu. Tupu.

"Kuja, mutoto. Tua."

Akapiga magoti kwenye vumbi. "Koko, ni Feza."

"Najua. Sema yote."

Akasema yote. Ilikuwa asubuhi, mukate wa kwanza ulikuwa umeshaingia kwenye tanuru. Udongo ulikuja bila kelele. Wamemuchimba na mikono na masufuria, yeye Ramazani pia, siku nzima. Wamemuzika kule, upande wa mitungu ya maji, yeye mwenyewe ameweka mawe matatu. Kopo ilikuwa pembeni yake.

Sikupiga mayowe. Nilidhani nitapiga. Sauti haikutoka, ilitoka ya Zaituni.

Nikachukua nusu ile ya mukate nikamupa Ramazani. Nikamwambia, sasa kula. Akashindwa. Nikamukatia vidogo vidogo, nikamutia mudomoni kama mutoto anayeachishwa ziwa. Alikula akilia. Alikula yote.

Ndiyo nikaanguka.

Siku ya posho, tarehe 16, mwezi wa 11

Kilio nyumbani. Watu wamejaa uwanja. Silali, sili. Wanaimba vizuri, nachukia kwamba wanaimba vizuri.

Shemeji yangu, ndugu ya marehemu bwana yangu, alitaka kusugua mulango upendeze kwa wageni. Ni mulango ule Feza alinifundishia herufi na makaa. A mpaka Z, na jina lake, na jina langu. Nilimwambia ukiugusa nitakusugua wewe.

Mutu mumoja amesema Mungu anapenda wanaofanya kazi. Nikamuuliza, ndiyo anawafunika? Padri alinishika bega. Nilimuacha ashike.

Siku ya tatu, tarehe 20, mwezi wa 11

Watu wameenda. Zaituni alifungua kopo mbele yangu. Donge lilikuwa limekauka kama ngozi, na mchanga ndani. Alilipasua katikati, akatia maji vuguvugu na unga, akafunika na kitambaa chake cha kichwa. Alisema donge ni gumu kufa. Tulikaa tukiliangalia kama watu wanaomuangalia mugonjwa.

Siku ya ine, tarehe 21, mwezi wa 11

Halikuinuka. Zaituni alitaka tungoje siku nyingine. Nikamwambia basi. Nimelimwaga nyuma ya nyumba, kuku wakaja. Kopo nimeiosha.

Siku ya tano, tarehe 22, mwezi wa 11

Nimeenda sokoni. Miguu ilijua njia.

Benchi ilikuwa imejaa. Mutu mumoja akasema, Koko, sogea kidogo. Nikasogea. Ramazani alikuwepo, alikuwa kwenye piza ya pili, akanipungia mukono wenye mawese. Zaituni akaleta kipande cha ndakala na kitunguu. Kimoja tu. Akarudi kwenye tanuru yake.

Pikipiki zilikuwa zinafika kutoka Wamaza, zinasimama, watu wanashuka. Sikugeuza kichwa.

Chachu ni ileile. Nimekula mpaka mwisho, nikanawa mikono, na hakuna mutu aliyekuwa ananingoja.