Si Mimba, Kalondu

Kwa Mzee Kivuva,
Kathonzweni,
S.L.P. 41,
Makueni.

21 Agosti 1988

Mpendwa mdogo wangu Kalondu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji Kiilu na vijana wenu watatu. Je, kifua cha Kiilu kimetulia baada ya baridi ya Julai? Huko Migwani bado mna maji ya bomba, au mmeanza kufukua mchanga mtoni kama sisi? Kivuva hajambo. Binti yetu Kasyoka yuko nyumbani, chuo kimefungwa, na wadogo zake wawili wanamtumikisha kuwasuka nywele. Hali yangu mimi nitaieleza hapa chini, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, kisha nikaisoma tena nyumbani. Unanipongeza kwa mimba. Unasema jina la Baba sasa litapata wa kulibeba hata huku kwangu, na kwamba umeniwekea nguo alizovaa Muthama wako akiwa mchanga. Kalondu, hakuna mimba. Nguo hizo zirudishe sandukuni. Nina miaka arobaini na minane, na kilichonishika ni ugonjwa wa kutokwa na damu.

Acha nikueleze kwa utaratibu, maana nimefundisha muda mrefu na sijui njia nyingine ya kusema jambo.

Mambo yalianza mwaka juzi. Hedhi yangu, ambayo haikuwa na maneno tangu tukiwa wasichana, ilianza kuja mapema na kukawia kuondoka. Nilidhani ni ule mwisho unaomfikia kila mwanamke. Hapo ndipo wengi hukosea. Hedhi ikikaribia kukoma huweza kurukaruka, ikaja mwezi huu na kupotea miezi miwili, na hilo ni la kawaida. Lakini mwanamke akilazimika kubadilisha kila saa, akitokwa na mabonge, akipanda kilima kidogo moyo ukadunda kama anakimbizwa, hayo si ya kungoja yapite. Ni ya kupelekwa kwa daktari. Mimi niliyajua haya, nimewaeleza hata walimu wenzangu, na bado nikangoja.

Pamba iliyokuwa ikinitosha mwezi mzima ikawa inakwisha kwa siku mbili. Gicheru mwenye duka hapa sokoni, mtu wa Nyeri, mpole sana, aliniuliza mbele ya wateja kama nyumbani kuna mtu mwenye kidonda. Nikamwambia ndiyo, ni mzee, mguu. Tangu hapo kila akikutana na Kivuva humuuliza mguu unaendeleaje, naye Kivuva humjibu kwa adabu kwamba unaendelea vizuri, bila kujua ni mguu gani.

Shuleni nilikuwa nikifundisha kwa kusimama. Nikikosea nikakaa, basi siinuki mpaka darasa zima litoke.

Sasa nije kwako. Unakumbuka arusi ya binti wa mjomba, Aprili. Ulikuja na gauni la rangi ya maziwa. Ukakaa popote ulipotaka, kwenye kiti cha kitambaa, kwenye nyasi, juu ya gunia la mchele. Mimi nilikuwa na sketi nyeusi juu ya nyingine nyeusi, na sweta kiunoni katika jua lile. Wake wa wajomba walipouliza kwa nini sikai, wewe ukawajibu, "Muacheni, huyu bado anauza. Mimi nilifunga duka mapema, nikatia kufuli, na mteja wangu hajalalamika." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka pamoja nao. Ndani nilikuwa nimekukasirikia vibaya. Wewe uliye nyuma yangu kwa miaka minne ulikoma hedhi ndani ya miezi mitatu, bila homa wala doa, ukaendelea na mambo yako kama mtu aliyevua koti. Hukujua hata kwamba ni bahati. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ile habari ya mimba ilitokana na udongo. Mwezi Juni kikundi chetu cha mwethya kilianza kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia mmomonyoko, kwenye mteremko wa shamba la Nzilani. Unajua tunavyofanya, Jumamosi hii shamba la mmoja, ijayo la mwingine, wengine na majembe na wengine kubeba udongo kwa karai. Nilipokuwa nikijaza karai langu, ule udongo mwekundu wa chini ulinukia, mate yakanijaa mdomoni kama mtu aliyenusa nyama ikichomwa. Nikatia kibonge mdomoni. Kikafuata cha pili. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekula kiasi cha ngumi, mimi mwalimu mkuu, nikijipangusa midomo na kitambaa cha kichwa.

Nzilani, ambaye ndiye kiongozi wetu, aliniona. Na kwetu hapa mwanamke mwenye mume akila udongo hakuna anayeuliza mara mbili. Alinipokonya karai, akasema, "Mwalimu, hii si kazi yako mwaka huu. Kaa kivulini, utuimbishe." Wenzake wakaangaliana, mmoja akaguna kwa furaha. Jioni ile mama mkwe alinitumia kibuyu cha uji. Jumapili, kanisani, nikasogezewa nafasi kwenye lile benchi lenye mgongo.

Ningeweza kuwaambia ukweli palepale. Sikuwaambia. Usidhani nilijidanganya, maana mwanamke anayetokwa na damu vile hawezi kujidanganya kuhusu mimba. Ni kwamba nilikuwa nimekaa mahali pako, Kalondu, na palikuwa patamu. Ulipokuwa na mimba ya Muthama, ulikula udongo kila siku, na Baba mwenyewe ndiye aliyekuletea, wa kichuguu, amekufungia kwenye leso yake. Nilimwona kwa macho yangu. Mimba zangu tatu mimi alinitumia salamu. Na alipozaliwa mtoto wako wa pili, naye mvulana, akapewa jina la Baba ilivyo desturi, Baba alitembea kijiji kizima akijitangaza kuwa amezaliwa tena. Wewe ukimwita mwanao alete mbuzi, unalitaja jina la Baba uani kwako. Mimi nalitaja kwenye maombi tu.

Basi nikaacha watu waseme, nikanywa uji wa mama mkwe, na kila Jumamosi nikala udongo hadharani.

Siku ya kufunga shule nilisimama mbele ya wazazi kusoma matokeo. Nilifika darasa la tano. Kilichofuata nakijua kwa kusimuliwa. Wanawake walisema mimba imenilemea kwa sababu ya umri, na nadhani ndiyo habari iliyopanda basi ikafika kwenu. Kivuva alinipeleka hospitali ya misheni kwa gari la diwani.

Daktari ni mama wa makamo, Kagure, hana maneno mengi. Aliangalia viganja vyangu, akageuza kope la jicho, akauliza kama nimekuwa nikila udongo au mawe. Niliona aibu kuliko nilivyoona aibu kwa mengine yote aliyoniuliza. Kumbe mwili ukipungukiwa na damu huanza kutamani vitu kama hivyo, udongo, mkaa, mchele mbichi. Na udongo wenyewe hausaidii. Tunafikiri kwa kuwa ni mwekundu unaongeza damu, lakini humzuia mtu kupata yale madini ya chuma yaliyo kwenye chakula. Hata chai ya rangi tunayokunywa juu ya ndengu na mboga hufanya hivyohivyo. Nimeiacha, sasa nakunywa baadaye sana. Wewe pia iache, ingawa damu yako iko sawa kama mambo yako mengine.

Damu yangu ilipimwa ikawa sita, na ya mwanamke mzima inapaswa kufika kumi na mbili. Ndani ya kizazi kuna vivimbe, kimoja kikubwa kama chungwa. Alinikwangua akapeleka sampuli Nairobi, na majibu yamesema si saratani. Hapo mshukuru Mungu pamoja nami.

Kisha akanieleza njia zilizopo, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mwanafunzi mtulivu. Ninaweza kungoja. Hedhi ikikoma yenyewe, vivimbe hunywea, lakini hakuna anayejua kama ni mwakani au baada ya miaka mitano, na kwa damu ya sita siwezi kufika huko kwa miguu yangu. Kuna vidonge vya homoni. Ameshanipa, na kweli vimeipunguza damu, ila kichwa kinaniuma na miguu inavimba, na kwa kivimbe kikubwa vile hategemei kwamba vitaizuia muda mrefu. Kukwanguliwa tena hutuliza mwezi mmoja au miwili, halafu mambo hurudi. Ya mwisho ni kupasuliwa na kuondolewa kizazi. Hiyo inamaliza kabisa, ila ni upasuaji mkubwa, na mtu hukaa wiki sita bila kuinua ndoo.

Nzilani anasema niende kwa mzee mmoja wa mizizi upande wa Kibwezi. Wanawake wa kanisa wanasema tuombe kwanza. Nimewaambia waombe, na mizizi nimeikataa, kwa kuwa sijui kilichomo na daktari naye hatajua.

Kivuva nilimweleza tukiwa bado hospitalini kwamba hapakuwa na mtoto. Tulipofika nyumbani alikwenda kuwaangalia mbuzi ambao walikuwa wameshafungiwa, akakaa huko muda mrefu. Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Ndila, ukibaki hivi utakufa?" Nikamwambia ninaweza. Akasema, "Sasa tunajadili nini?" Akaenda kutia sahihi fomu ya upasuaji. Tangu hapo hajalitaja, lakini ndiye anayechota maji, na watu wanamwona.

Unaweza kuuliza, kama mambo ni wazi hivyo, kwa nini nilihitaji siku kumi kuamua. Ni kwa sababu yako. Sikuwa nikitarajia mtoto, mimi si mjinga. Lakini kila mwezi ile damu, pamoja na maudhi yake yote, ilikuwa ikiniambia kwamba bado. Kwako ilikoma baada ya kukupa kila kitu. Kwangu itakatwa kwa kisu, na mvulana hakuja. Nililala nikikufikiria ukiwa umekaa kwenye yale magunia yako ya dukani, umenenepa, una vijana wa kukubebea, na nikatamani upate japo mwezi mmoja wa haya niliyo nayo. Naandika hivi ili ujue. Siku ya kumi na moja niliamka, nikashindwa kufunga kamba za viatu bila kupumzika katikati, nikamwambia Kasyoka apeleke neno kwamba nimekubali.

Nitapasuliwa Jumanne, tarehe 13 Septemba. Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kabla ya kupasuliwa ni lazima niongezwe damu. Ya hospitali ni kidogo, na ingawa wanaipima, watu wanaogopa huu ugonjwa wa Ukimwi. Daktari ameshauri nitafute ndugu. Kivuva alipimwa, haipatani na yangu. Kasyoka hali kadhalika, amefuata damu ya babake. Nikamwambia daktari kwamba ninaye mmoja. Mwaka ule tulipomtolea Mama damu, mimi na wewe tulikutwa kundi moja, unakumbuka, na wewe ukajisifu kwamba chupa yako ilijaa kwanza.

Kwa hiyo nakuomba uje. Fika kabla ya Jumamosi ya tarehe 10. Panda basi la asubuhi la Machakos, ulale kwa binamu, kesho yake ushuke mjini Wote, Kivuva atakungoja. Siku unayosafiri kula vizuri, na ukitolewa utapumzika kwangu siku mbili tatu. Kutoa chupa moja hakutakudhuru. Mwili hurudisha maji yake kwa siku moja au mbili, na damu yenyewe kwa wiki chache, hasa kwa mtu ambaye haipotezi.

Nilikaa na barua yako mezani siku mbili kabla ya kuanza hii. Kukuomba wewe ni kugumu kuliko kumruhusu mtu anipasue. Maisha yangu yote nimetaka vitu vyako, na vingi kati ya hivyo huwezi kunigawia hata ukitaka. Hiki unaweza. Nipe, Kalondu. Na ukinipa, usiwachekeshe wake wa wajomba nacho.

Nisalimie Kiilu, na mwambie sukari aliyotuma ilifika. Wasalimie vijana, na Muthama mwambie shangazi, yaani mama yake mkubwa, anataka kuona kama kweli amerefuka kumpita babake. Wasalimie pia akina Kaluki hapo jirani. Kasyoka, wadogo zake na mama mkwe wanakusalimu. Mungu aliyetulea kwa mkono wa mama mmoja akufikishe hapa salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea wivu kwa moyo uleule mmoja,

Ndila