Vigelegele ku wimbo wa Scotland

Gracieuse, uko? Hii Buffalo ya Amerika! Nimetolewa inje ku concert ya shule. Mimi, mama mzima!

Donc, mtoto wangu Uwineza alikuwa anaimba peke yake mbele ya watu, wimbo wa watoto wa Scotland, ule wa kuchezesha mtoto ku magoti. Ile sauti, ma chère! Na wazazi wote kimyaa. Hata kwetu ku kilio kuna kelele kuliko pale.

Bon, nikasimama. Nikapiga vigelegele, nikaenda nacheza mpaka mbele yake, vile tunafanyaka ku kanisa.

Mwalimu akanishika mkono: "Mama, hapa tunasikiliza."

Hapa tunasikiliza!! Nikamujibu, mimi pia nasikiliza, na miguu. Akanionyesha mlango.

Nikatoka. Lakini vigelegele nilimalizia mu koridoo, mwalimu akasikia vizuri.

Wimbo wa kuchezesha mtoto, Gracieuse, na mtu asitikisike hata bega?

Mu gari Uwineza amenuna, ananisemesha Kingereza tu, eti nimemupatisha haya.

Nikamwambia: siku utaimba na mama yako anyamaze, ujue amekufa.