Makala Yangu na Ngazi za Mama Furaha

Jumatatu, 3 Februari
Chai, mkate, kisha kompyuta. Makala yangu imenukuliwa tena, mara mbili tangu Ijumaa. Hakuna inayonukuliwa zaidi ya hiyo katika idara yetu. Inahusu ugonjwa wa misuli kwa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Birmingham, na jinsi miguu yao inavyobaki na nguvu kuliko ya wagonjwa wengine. Mwezi ujao jopo la kupandisha vyeo linakaa. Nautaka uprofesa. Sioni haya kuandika hivyo, nimeutolea jasho.

Jumatano, 5 Februari
Simu kutoka mtaa wa Erdington. Binti wa Mama Furaha, mgonjwa wa kwanza kabisa kwenye utafiti ule. Yeye anaongea Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, ndivyo tulivyozoea. Mama yake aliomba kiti cha umeme cha kupandia ngazi, kanyimwa. Barua ya halmashauri inasema utafiti unaonyesha wagonjwa kama yeye hupanda ngazi bila shida. Akaniuliza ni mjinga gani aliyeandika hayo.

Nikamwambia nitakuja Ijumaa. Mjinga mwenyewe ndiye aliyeshika simu.

Ijumaa, 7 Februari
Treni hadi Erdington. Nimefika kabla ya muda tuliopatana. Binti akanifungulia. Mama Furaha alikuwa katikati ya ngazi, ameketi, anajisukuma kinyumenyume kwa mikono, kidato kimoja kimoja. Aliponiona akajaribu kusimama anisalimie. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mara ile ya utafiti nilikuja na fomu. Nikasalimia, nikaulizia watoto, nikanywa chai, ndipo nikauliza kama anapanda ngazi bila msaada. Akasema anapanda, Mungu anasaidia. Nikaandika "anaweza". Mitaa ya Aston, Balsall Heath, nyumba zote hivyo hivyo. Sikumpima hata mmoja. Nilijivunia kwamba wananipokea kama mtoto wao!

Leo nimemuuliza kwa nini hakuniambia ukweli. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Ulikuyaka mugeni, mwanangu. Mugeni anapewa chai, hapewi magonjwa."

Kweli, nilikuwa mgeni. Mimi mtu wa Tanga, nimelelewa hivyo hivyo. Bibi yangu alisema hajambo asubuhi ya siku aliyokufa. Nilipaswa kujua. Pumbavu kabisa.

Jumamosi, 8 Februari
Nimezitoa fomu zote. Anaweza. Anaweza. Anaweza kidogo, Alhamdulillahi. Anaweza.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemwambia mkuu wa idara. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kwa upole akasema kusahihisha ni lazima, ila haraka ya nini, jopo likae kwanza. Mwezi mmoja tu. Nikaufikiria mwezi mmoja wa ngazi zile, asubuhi na jioni. Nikamwambia hapana. Akaniomba nikalifikirie. Nimelifikiria kwenye basi, jibu ni lile lile.

Jumanne, 11 Februari
Nimetuma barua kwa jarida lililochapisha makala. Jarida liyafute matokeo ya nguvu za miguu, kosa ni langu peke yangu. Nakala kwa waliomnyima Mama Furaha kiti. Nikabonyeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii mfichaji angekuwa mimi.

Alhamisi, 27 Februari
Onyo limechapishwa juu kabisa ya makala. Mchana nikaambiwa jopo halitanijadili mwaka huu. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaingia darasani. Naumia, tena sana. Sijutii.

Jumatatu, 10 Machi
Imenukuliwa tena. Nikafungua kusoma. Wameitaja kama mfano wa jinsi utafiti usivyofanywa. Nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikarudi kwenye kazi. Nimeomba ruhusa ya kuanza upya, nyumba zote, kwa kupima. Mkuu kasaini.

Jumamosi, 15 Machi
Erdington, mvua nyepesi. Ombi la kiti limefunguliwa upya, wakaguzi watakuja wenyewe. Nimeshika saa ya kupimia, sikuuliza kitu. Mama Furaha alipanda vidato vitatu, akashika ukuta, akanigeukia. Nikasubiri.

"Siweze, mwanangu," akasema.

Nikaandika. Kisha nikaiweka kalamu chini, binti akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukampandisha hadi juu.