Dada Yangu Amemnyoa Mwanangu Bila Kuniuliza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijasema neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Naishi Sofu hapa Kibaha, nafanya kazi kiwandani Zegereni, na mke wangu Bertha alifariki mwaka jana mwezi wa nne akaniachia binti yetu Loyce, ambaye sasa ana miaka mitano. Bertha alikuwa na namna yake ya kumchana mtoto, alimkalisha katikati ya magoti, akalowesha nywele kwa maji, akapaka mafuta ya nazi, halafu chanuo likawa bodaboda na kila mstari aliopasua kichwani ukawa barabara, huu wa Pangani, huu wa sokoni, na ule mrefu wa katikati ni wa kwenda Kisarawe kwa bibi mzaa mama. Chanuo likikwama kwenye fundo Loyce alipiga kelele, "Tope! Rudi nyuma!" na mama yake akaanza upya kwenye ncha, polepole, mpaka njia ifunguke, na wakifika kisogoni mtoto alidai nauli, nayo ilikuwa busu.

Tulipomzika, Loyce akawa analia akiliona chanuo tu, na mimi kwa kutojua nilikuwa navuta kuanzia kwenye mizizi, mpaka siku moja akaniambia, "Baba, hilo ni tope, rudi nyuma," nikaelewa, na tangu hapo kila Jumapili tukawa tunasafiri, nikajifunza hata kusuka twende kilioni, ingawa jina lake lilinichoma, na mtoto akaanza kucheka tena.

Sasa dada yangu Holo, anayekaa nasi na kumwangalia Loyce nikiwa kazini, wiki iliyopita alimpeleka kwa kinyozi akanyolewa kipara. Nimerudi nakuta mtoto amejitanda kanga. Kumuuliza Holo, ananicheka: "Kaka, mwanaume mzima, saa nzima unaendesha boda kichwani kwa mtoto! Nimekupumzisha, unanuna?" Loyce akaniuliza, "Baba, njia ya kwa bibi imeondoka?" Mshauri, nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Tangu siku hiyo sisemi na Holo, nataka arudi kwa wazazi Geita, na Loyce hataki kuivua ile kanga. Je, nitakosea nikimfukuza?

Magembe, Sofu

*

Baba Loyce, pole sana. Nimeisoma barua yako, nikaiweka pembeni, nikanywa maji, nikaisoma tena, maana hata mimi nimekasirika. Kichwa cha mtoto si shamba la kufyeka! Shangazi au si shangazi, angeuliza. Na hicho kicheko cha "mwanaume mzima" akakitupe. Akina baba wangapi mnaosoma hapa mnajua hata mafuta ya binti zenu yanawekwa wapi?

Lakini na wewe nikugombeze. Holo aliwahi kuambiwa zile barabara alizianzisha nani? Mimi usiyenijua umenieleza kila kitu. Yeye mnaishi nyumba moja, ameona kaka yake anacheza tu. Tena wiki nzima umenuna. Mtoto akiona baba amenuna kwa sababu ya kichwa chake, anadhani kosa ni lake. Unashangaa kwa nini havui kanga?

Usimfukuze. Loyce ameshapoteza mmoja, usimwondolee na wa pili kwa hasira. Mkalishe Holo leo, mweleze habari za Bertha kama ulivyonieleza mimi. Halafu amwombe radhi Loyce, si wewe: apige magoti, amtazame machoni. Si aibu. Na mkubaliane kwamba wembe wala mashine haigusi kichwa hicho mpaka wewe na mwenye kichwa mkubali. Akirudia, mkatie tiketi ya basi, nami nitakuunga mkono.

Nywele zitaota. Zikianza kushikika, mfundishe Holo naye: maji kwanza, kisha mafuta, ncha kabla ya mizizi, na mtoto akisema tope, mkono unarudi.

Ila Jumapili hii usisubiri nywele. Mkalishe palepale katikati ya magoti, chovya kidole kwenye mafuta ya nazi, mwambie akuelekeze, maana hiyo njia anaijua kuliko wewe. Nenda taratibu. Mkifika kwa bibi, lipa nauli.