Ukumbi wa Mzee Kenji

Jumanne. Theluji imegeuka tope tangu asubuhi, na mimi najichukia.

Nilimhudumia Mzee Kenji miaka minne nyumbani kwake, Scarborough: kumwogesha, kumpikia uji wa mchele, kumpa dawa kwa wakati. Alikuwa seremala, mtoto na mjukuu wa maseremala wa Kijapani. Tumemzika wiki mbili zilizopita.

Sebuleni kwake kulikuwa na mfano wa ukumbi wa ibada wa kijijini kwao, mpana kama meza ya chakula. Aliujenga mwenyewe baada ya kustaafu. Ukumbi wenyewe, alinieleza, uliwahi kuungua zamani, na babu wa babu yake akawa miongoni mwa mafundi walioujenga upya. Maungio yake hayana msumari hata mmoja. Ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi kinakaza. Nguzo zimesimama juu ya mawe, hazikuchimbiwa ardhini, ili zisioze. Paa ni magome ya mti, tabaka juu ya tabaka, na kwa mbele linashuka mpaka juu ya ngazi ili wanaokuja kuomba wasilowe. Boriti moja ikioza, wanatoa hiyo tu. Ndiyo maana bado upo.

Mwaka jana alinishika mkono. "Neema, huu utauchukua wewe. Mwanangu hataki mbao."

Nikamwahidi.

Leo mwanawe amekuja na wanaume wawili kuondoa vitu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna chochote ambacho baba yake alinipa. Nikakumbuka wakala wetu wa kazi anavyotuonya tusipokee zawadi za wagonjwa. Nikamkumbuka mhudumu mwenzetu mmoja wa mtaa wa Malvern, aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya bangili aliyopewa kwa mikono miwili.

"Hakuna," nikasema.

Mfano haukupita mlangoni. Waliuzungusha huku, wakauzungusha kule. Mimi nilijua kigingi cha kung'oa kwanza, kwa sababu kila mwaka tuliufungua mimi na Mzee, tukafuta vumbi, tukaufunga tena. Dakika ishirini tu ungetoka mzima, kipande kwa kipande. Lakini nilishasema sikupewa kitu, nikaona kufungua mdomo ni kujiumbua.

Mmoja wao akalikanyaga paa likavunjika, ndipo ukapita.

Mwanawe akageukia dirishani. Mimi nikaendelea kukunja mashuka.

Mashuka!

Ningependa kumlaumu yeye, lakini yeye hakumwahidi mtu kitu.

Jioni hii amenitumia ujumbe. Ameniandikia barua nzuri kwa wakala, anasema hajawahi kuona mtu mwaminifu kama mimi.

Sijamjibu. Nimeufungua ule ujumbe mara tano. Kesho nitampigia nimweleze ukweli, au nitaandika "asante" na kuichukua barua?

Naogopa jibu ninalo tayari.